Nguo za Nane, Mapigo ya Sita: Majibu kwa Wapenzi wa Gemu za Ngumi

Maswali ya safari hii karibu yote yameangukia sehemu moja: mhusika uliyemzoea kwenye gemu ya ngumi, ukinunua toleo linalofuata unamkuta amekuwa mtu mwingine. Nimechagua yaliyonikuna. Sitaeleza Tekken ni nini wala padi inashikwaje. Aliyefika hapa anajua.

Bro naomba link ya Tekken 8 ya PPSSPP, iwe na MB chache.
*Msomaji, Mwanza, pamoja na kundi zima lililouliza hivyo hivyo*

Haipo. Haikuwepo mlipouliza mara ya kwanza na haipo leo. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. Hata wenye PS4 waliachwa. Kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 100, wewe unaitaka kwa MB chache kwenye simu ambayo WhatsApp tu inaielemea. PPSSPP ni programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, na PSP ilipata Tekken mbili katika maisha yake yote: Dark Resurrection mwaka 2006 na Tekken 6 mwaka 2009. Kila faili unaloletewa kwa jina la 7 au 8 ni mojawapo ya hizo, mara nyingi ni 6, iliyobandikwa picha mpya. Wamembadilisha Jin, yule mhusika mkuu, koti, wakachora upya ukurasa wa kuchagua wahusika, basi.

Kuitambua ni rahisi mno, ila watu wanatazama nguo badala ya kupiga. Tekken 8 ina Heat: mara moja kila raundi mhusika anawaka, na hata ukizuia ngumi zake damu yako, yaani uhai wa mhusika wako, inapungua kidogo kidogo. Faili lako halina hiyo. Linacho kile cha Tekken 6, unampigiza mpinzani chini anadunda kama mpira, unamwokota tena. Nguo za nane, mapigo ya sita. Kaeni na maneno hayo, maana nusu ya maswali yaliyobaki nitayajibu kwa kipimo hicho hicho.

Na moja ambalo hukuniuliza. Hizo tovuti zinazokutaka kwanza usakinishe programu nyingine ndipo upewe neno la siri la faili, achana nazo. Programu ya gemu inaomba ruhusa ya kusoma SMS zako kwa sababu gani, wakati pesa zako zinakaa kwenye laini hiyo hiyo?

Nilikuwa moto wa Jin kwenye Tekken 3. Nimepata PS2 ya mtumba na Tekken 4, ile ngumi ya umeme haitoki. Ni padi au ni mimi?
*Msomaji, Temeke*

Si padi, si wewe. Ni Jin. Na kaka, umeuliza swali ambalo nimekuwa nikilisubiri.

Tukumbushane. Tekken 3 iliingia kwenye mashine za ukumbini mwaka 1997, PlayStation ikaipata mwaka 1998. Kazuya, baba yake Jin, hayumo, kwa sababu mwisho wa Tekken 2 baba yake mwenyewe, Heihachi, alimtupa kwenye volkano. Mahali pake anaingia Jin, kijana wa miaka 19, mtoto wake kwa Jun Kazama. Mama ametoweka baada ya kuvamiwa na zimwi Ogre, kijana kaenda kwa babu Heihachi, babu kamfundisha ngumi za ukoo. Ndiyo maana Jin wa 3 ana mchanganyiko: mapigo mengine ni ya mama, mengine ni ya ukoo wa Mishima, ikiwemo hiyo ngumi yako. Mbele, achia, chini, kisha kona ya chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia kwa wakati mmoja kabisa. Ukichelewa hata fremu moja, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, inatoka ngumi ya kawaida isiyo na umeme. Ukiipatia, mpinzani hata akizuia zamu inabaki kuwa yako. Watu walikesha vibandani kwa ajili ya pigo hilo moja.

Mwisho wa Tekken 3 babu huyo huyo anampiga mjukuu risasi. Shetani aliyemo kwenye damu ya Jin anaamka, Jin anakimbia. Sasa soma alikokimbilia. Tekken 4, ya mwaka 2001 ukumbini na 2002 kwenye PS2, inasema alijificha Brisbane, Australia, akaingia dojo ya karate ya kawaida, akaanza upya ili asahau kila alichofundishwa na ukoo wa Mishima. Anauchukia ukoo na anaichukia damu yake.

Wangeweza kuishia kwenye maandishi ya utangulizi, wakamwachia mapigo yale yale na kumvalisha sweta lenye kofia. Hawakufanya hivyo. Walimnyang'anya mapigo. Ukifanya ile mbele-achia-chini-kona kwenye 4, unapata ngumi ya kuzungusha kutoka pembeni, jamaa wa mbali wa ile uliyoizoea. Ule mshtuko wako wa "mbona haitoki" ndio hadithi yenyewe: Jin amekataa urithi, na wewe umekatazwa pamoja naye. Katika gemu za ngumi zote ninazozijua sijaona mahali pengine ambapo uamuzi wa mhusika umewekwa kwenye vidole vya mchezaji kwa ukali namna hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kikazi zaidi, na hii ni maoni yangu. Kazuya alirudi kwenye 4. Ukimwacha Jin na mapigo ya ukoo, una babu, baba na mjukuu wanaopigana kwa mtindo mmoja kwenye gemu yenye wahusika wachache. Lazima mmoja ahame.

Hapa ndipo huwa nagombana na watu. Wapo wanaosema Jin "aliharibiwa" kwenye 4. Hao hawakuicheza. Jin wa 4 alikuwa mkali kupita kiasi, mashindanoni alitawala, na kwenye 5 ilibidi wampunguze makali. Waliobaki kulia hawakulilia nguvu, walililia mazoea. Nao wakapewa chao: Tekken 5, ya 2004 ukumbini na 2005 kwenye PS2, ilimleta Devil Jin kama mhusika kamili, ana mabawa, ana miale, na mkononi ana mapigo ya Jin wa 3. Mtu mmoja akagawanywa wawili, mwenye karate na mwenye urithi. Kwa hiyo ukitaka ngumi yako bila kurudi kwenye 3, tafuta Tekken 5 umchague huyo mwenye pembe.

Baadaye nguo zilianza kudanganya. Kwenye 6 Jin ndiye bosi wa Mishima Zaibatsu, kampuni ya ukoo, amewasha vita vya dunia nzima, amevaa koti jeusi refu la muuaji. Ukimtazama utasema amerudi kwa babu yake. Ukimshika mkononi ni yule yule wa dojo, karate yake imetulia. Mwenye macho tu alimwona adui, mwenye padi alijua mambo hayajaisha. Ilisubiri mpaka Tekken 8 ndipo hadithi ikamfanya aache kupigana na nusu yake ya pili.

Law wa Tekken 3 ndiye huyu wa Tekken 8?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana. Wa 3 ni Forest, mtoto. Baba yake Marshall ndiye wa 1 na 2, akarudi kwenye 4 na hajatoka. Mwenye sharubu ni baba.

Na King je? Maana huyu hana mtoto.
*Huyo huyo, Morogoro*

Swali la pili ni zuri kuliko la kwanza. King wa Tekken 1 na 2 aliuawa na Ogre. Anayevaa kinyago cha jagwa, mnyama wa jamii ya chui, kuanzia 3 ni kijana aliyelelewa kwenye kituo cha yatima cha King wa kwanza, akachukua jina na kinyago ili kituo kisife. Chanzo chake ni mtu halisi wa Meksiko, padri Sergio Gutiérrez Benítez, aliyepigana mieleka kwa jina la Fray Tormenta ili apate fedha za kulea yatima.

Mlinganishe na Jin uone tofauti. Huku mtu amebadilika kabisa, mwili mwingine na historia nyingine, lakini mieleka imebaki: kukaba, kugeuza, kukaba tena kabla hujapumua. Kule mtu ni yule yule, mapigo yamehama. Ukimuuliza mchezaji wa kibandani yupi kati ya hao wawili "amebadilika", atakwambia Jin. Atakuwa sahihi.

Eddy Gordo ni mhusika wa watoto wanaobonyeza ovyo. Kwa nini kila toleo wanamrudisha badala ya kumfuta?
*Msomaji, Kisumu*

Kwa sababu kufungwa na mtoto anayebonyeza ovyo si kosa la Eddy, ni lako. Hujazuia chini.

Sasa nijibu vizuri. Eddy alianza Tekken 3, Mbrazili anayepiga capoeira, mchezo uliokuzwa Brazil na watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika. Mpaka leo mojawapo ya mitindo yake mikubwa inaitwa Angola. Miendo yake ilirekodiwa kutoka kwenye mwili wa mwalimu halisi, Marcelo Pereira. Ndiyo maana hata mwaka ule, kwa picha zile za PlayStation za pembe pembe, alionekana anaelea. Tatizo ni kwamba mapigo yake yalipangwa hivi: teke lolote linazaa teke jingine, na katikati anainama, anapinduka, anajikuta kalala. Asiyejua kitu akibonyeza vitufe viwili vya miguu kinatoka kitu kinachoonekana cha maana. Mpinzani asiyejua kuzuia anaona miguu tu.

Watengenezaji walilijua hilo, tazama walivyohangaika naye. Kwenye 4 walimleta Christie Monteiro, mjukuu wa mzee aliyemfundisha Eddy capoeira gerezani, wakampa mapigo ya Eddy. Eddy mwenyewe akageuzwa kuwa vazi mbadala la Christie. Hebu fikiria, mhusika aliyeuza Tekken 3 kwenye vibanda vyote vya pwani hii amekuwa nguo ya mtu! Kwenye 5 akapata tena nafasi yake, ila wote wawili wakipiga karibu sawa. Baada ya hapo ndipo wakaanza kutofautishwa. Kwenye 7 Christie hayumo kabisa, na kwenye 8 Eddy ndiye mhusika wa kwanza aliyeongezwa baada ya gemu kutoka, mwaka 2024. Kwa hiyo wameamua: Eddy anabaki, lakini wa sasa anadai ujue unachofanya. Mpe mtoto wako padi ya Tekken 8 abonyeze ovyo mbele ya mtu anayezuia chini na kuadhibu, utaona raundi itakavyokuwa fupi.

Na wenye vibanda, acheni kuandika "Eddy marufuku" ukutani. Mnawalea wachezaji wasiojua kuzuia. Pakistan ilitoa bingwa wa dunia, Arslan Ash wa Lahore, aliyechukua mashindano makubwa ya gemu za ngumi, Evo Japan na Evo ya Marekani, ndani ya mwaka mmoja, 2019, na alikulia kwenye kumbi za gemu za mtaani, si kwenye maabara.

Nasikia Elena wa Street Fighter ni Mkenya. Ni kweli ama ni stori za mtandao?
*Msomaji, Nakuru*

Ni kweli. Yupo tangu Street Fighter III ya mwaka 1997, binti wa mtemi, nywele nyeupe, mrefu, anapigana kwa miguu. Mwaka 2014 alirudi kwenye Ultra Street Fighter IV, na mwaka 2025 akaongezwa kwenye Street Fighter 6.

Kwa uchoraji, Elena wa 1997 ni kazi ya mikono ya watu waliokuwa wanajua. Gemu ile ilichorwa picha kwa picha, na yeye hata akisimama tu mwili wake unatembea kama maji. Kwa mapigo, alikuwa na lile la kujiponya, ambalo kwenye IV liliwaliza wapinzani: umemkata damu kwa shida, anarudi nyuma, anacheza kidogo, damu imejaa.

Lakini nina neno langu. Mkenya amepewa capoeira. Mwaka ule ule ambao Tekken ilimpa Mbrazili capoeira, jambo lenye mantiki, wenzao wa Street Fighter walimchukua binti wa Kenya wakampa mchezo wa Bahia, Brazil, wakamvalisha vipande viwili vya kitambaa na bangili. Mavazi yanasema Afrika kwa sauti kubwa, mapigo hayajawahi kukanyaga hapa. Pwani yetu ina kirumbizi, fimbo kwa fimbo, ngoma ikilia, Lamu wanakicheza mpaka kesho. Umaasaini wana fimbo na rungu. Hakuna aliyeuliza.

Tekken wamekaribia zaidi. Kwenye msimu wa 2 wa Tekken 8 walimtangaza Miary Zo, msichana wa Madagaska, na mtindo wake ni moraingy, ngumi za kwao kweli, mchezo wenye ndugu zake Komoro na Mayotte. Hapo mtu ametoka mahali pamoja na mapigo yake. Kuanzia hapo Wakenya wana haki ya kudai.

Ryu na Ken ni mtu mmoja aliyepakwa rangi nywele, mnatudanganya tu.
*Msomaji, Tanga*

Mwaka 1987 ungekuwa sahihi. Street Fighter ya kwanza ilimpa mchezaji wa pili Ken ili wawili waweze kupigana, mapigo yakiwa yale yale. Hata Ryu mwenyewe alikuwa na nywele nyekundu na viatu vyekundu, jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kuliona. Street Fighter II ya 1991 ilimvua viatu na kumpaka nywele nyeusi, lakini bado yeye na Ken ni mapacha mkononi.

Tangu 1992, toleo hadi toleo, wamekuwa wakisogezwa mbali. Ryu akawa mtu wa mpira wa moto na subira. Ken akawa mtu wa kukurukia: ngumi yake ya kupanda juu ikafika mbali zaidi, na kwenye Super Street Fighter II ya 1993 ikashika moto. Baadaye Ken akapewa mateke ya kukimbilia ambayo Ryu hana. Kwenye Street Fighter 6 ya 2023 ukiwachanganya hawa wawili unapoteza mechi. Ryu ana ndevu na shuka begani, mzee kabla ya wakati. Ken anatafutwa kwa kosa alilosingiziwa, nywele zimevurugika, familia iko mbali, na anavyopiga ni hivyo hivyo, mbele mbele bila kutulia. Hapo nguo na mapigo vimekubaliana, na mimi naheshimu kazi ya namna hiyo.

Mwanangu wa miaka 10 anasema Scorpion wa sasa ndiye Sub-Zero wa zamani. Ananidanganya?
*Mama mmoja, Arusha*

Hakudanganyi, mama, ingawa amefupisha. Mortal Kombat ya 1992 ilimpiga picha mwigizaji mmoja, nguo ikabadilishwa rangi: ya njano Scorpion, ya buluu Sub-Zero. Mbinu ya kubana kumbukumbu ya mashine, imegeuka kuwa ukoo mzima. Sub-Zero wa gemu ya kwanza ni Bi-Han. Akafa, na kuanzia ya pili anayevaa buluu ni mdogo wake, Kuai Liang, mtu mwenye roho nzuri zaidi. Ndiye huyo tuliyekua naye. Kisha mwaka 2023 wakaanza hadithi upya kwenye Mortal Kombat 1, Bi-Han akarudi kuwa Sub-Zero, na Kuai Liang akapewa njano, moto na mnyororo. Kwa hiyo yule wa barafu wa miaka yote sasa ndiye Scorpion.

Mapigo yamefuata rangi, hayakumfuata mtu. Mnyororo wa "njoo hapa" ni wa njano daima, barafu ni ya buluu daima, atakayevaa ni shauri lake.

Ila mama, tuongee na lingine. Miaka 10? Gemu hiyo imeandikwa ni ya watu wazima kwa sababu: inaonyesha mtu akikatwa katikati kwa ukaribu na kwa polepole. Kama anapenda ngumi, Street Fighter na Tekken zinamtosha, na hizo nazo kaa naye siku za mwanzo.

Heihachi si alikufa kwenye 7?
*Msomaji, Bujumbura*

Alitupwa na mwanawe kwenye lava, ndiyo. Mwaka 2024 akaongezwa kwenye 8. Kwenye ukoo wa Mishima kufa ni likizo. Waliokufa kweli ni sauti zake: Daisuke Gori aliyemsemea kwa miaka mingi alifariki mwaka 2010, na Unsho Ishizuka aliyempokea akafariki mwaka 2018.

Kale kamjusi ka Tekken 3 kako wapi?
*Msomaji, Zanzibar*

Gon. Hakuwa wao. Ni mhusika wa katuni za Masashi Tanaka, waliazima kwa toleo la PlayStation la Tekken 3, na hajawahi kuonekana tena kwenye Tekken. Kwa upande wa ushindani sina cha kumlilia. Alikuwa mfupi mno, ngumi za juu zinampita kichwani, na aliyekuwa anamchagua alikuwa anatafuta ugomvi.

Kila toleo likitoka, mfululizo wa mapigo nilioukariri unakufa. Kwa nini wasiache mhusika alivyo, waongeze picha nzuri tu?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu mhusika hapigani hewani, anapigana ndani ya kanuni. Kanuni zikibadilika, ukimwacha alivyo utakuwa umembadilisha zaidi.

Chukua Tekken 3. Kwenye 1 na 2 watu walikuwa wanaruka mpaka wanatoka kwenye kioo. Tatu ikafupisha kuruka, ikawapa wote hatua ya pembeni. Papo hapo pigo lililokwenda moja kwa moja lilipungua thamani, na teke la kuzunguka likapanda, bila kugusa mhusika hata mmoja. Nne ikaleta kuta. Pigo la kusukuma ambalo zamani lilikuwa la kumwondoa mtu mbele yako likawa la kumpeleka machinjioni. Sita ikaleta Rage, damu ikikaribia kuisha unapiga kwa nguvu zaidi, na ule udundaji niliousema juu. Saba ikaondoa udundaji ikaweka kumzungusha mpinzani hewani. Nane imeleta Heat. Wewe ulikariri vidole. Aliyejua kwa nini pigo fulani linakuja baada ya jingine, kila mara anaanza tena akiwa katikati ya safari.

Lakini malalamiko yako yana ukweli ambao hukuusema, nitakusaidia kuusema. Zamani mhusika alibadilika toleo hadi toleo, katikati mnapumua. CD ya Tekken 3 uliyonunua ilikuwa ile ile mpaka ikachubuka. Sasa hivi mhusika anabadilishwa ndani ya toleo hilo hilo, usiku umelala. Faida yake tuliiona kwa Leroy Smith: aliongezwa kwenye Tekken 7 Desemba 2019, mwezi uliofuata kwenye Evo Japan wengi wa waliofika nane bora walikuwa wamemshika yeye, wakampunguza. Enzi za CD tungeishi naye miaka.

Hasara yake tuliiona Aprili 2025. Sasisho la msimu wa 2 wa Tekken 8 liliwapa wahusika silaha za kushambulia ambazo hawakuzihitaji. Aliyekuwa wa subira akapewa pigo la kukimbilia, aliyekuwa dhaifu karibu akapewa cha kumwokoa karibu. Wachezaji wakalipuka, tathmini kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, zikaporomoka, na watengenezaji wakarudi na marekebisho ya haraka. Hasira ile haikuwa ya ugumu wala wepesi. Mhusika anajulikana pia kwa asichoweza. Ukimjazia kila pengo, unabaki na wahusika zaidi ya 30 wenye sura tofauti na mtu mmoja ndani yao.

Ushauri usioombwa: kabla ya kununua mhusika wa kuongezwa kwa fedha, subiri sasisho moja lipite. Wa siku ya kwanza mara nyingi ana makali ya kukuvutia ulipe, na makali hayo hayadumu.

Kazuya au Heihachi, nani mkali?
*Wengi*

Anayekutii. Sitalijibu tena hili.

Jack wangu wa Tekken 3 simwoni kwenye 8, kuna mmoja anafanana naye tu.
*Msomaji, Lubumbashi*

Ni roboti, ndugu. Kila wakati wanaunda mpya. Wako alikuwa Gun Jack, huyu ni Jack-8. Zungusha mkono uone: ile ngumi ya kuvuta kama unapiga winchi, kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyouma, bado ipo. Ila wapinzani wa Tekken 8 hawakusubiri uzungushe, kwa hiyo mlaze kwanza.